Setilaiti na Maji ya Usangu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu kiangazi cha 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo hakuna mtu asiye na wa kumlaumu huku Usangu, bonde la juu la mto huo, kusini magharibi mwa Tanzania. Mkulima wa mpunga humtaja mfugaji, mfugaji humtaja mwenye shamba kubwa, wa chini humtaja wa juu. Maswali yaliyomo humu ni yale yanayoibuka kila tunapokaa na wakulima, viongozi wa jumuiya za watumia maji, wanafunzi na maofisa wa halmashauri kuzungumzia picha za setilaiti. Mifano mingi ni ya Usangu kwa sababu ndiko ninakokujua, ila anayeishi kando ya Ziwa Victoria au Naivasha atakuta ya kwake pia.

Kuhisi kwa mbali maana yake nini? Maji yanatambulikaje kutoka angani?

Ni kupima kitu bila kukigusa, kwa kusoma mwanga au mawimbi yanayotoka kwake. Jani bichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao macho yetu hayauoni. Maji hufanya kinyume, huumeza karibu wote. Ndiyo maana katika picha ya infraredi bwawa huwa jeusi, na mpunga uliostawi ukingoni mwake hung'aa.

Hesabu inayotumika sana ilitolewa na McFeeters mwaka 1996. Unachukua mwanga wa kijani, unatoa infraredi ya karibu, kisha unagawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu likizidi sifuri, mara nyingi hapo pana maji. Nasema mara nyingi, kwa kuwa kivuli cha mlima, kivuli cha wingu na nyasi zilizoungua navyo ni vyeusi na huweza kuichanganya hesabu. Usangu huchomwa moto kiangazi. Ramani ya Septemba iliyotengenezwa harakaharaka inaweza kukuonyesha bwawa mahali ambapo ng'ombe wanapita na vumbi. Kabla hujaiamini ramani yoyote ya maji, uliza picha ilipigwa tarehe ngapi na nani alikwenda kuhakiki.

Picha hizi zinauzwa bei gani?

Zile tunazozihitaji kwa kazi hii ni bure. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza mwaka 1972, na tangu 2008 hazina yote ya picha za Landsat imefunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti. Hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote kwa bonde kama letu. Mto ulianza kukatika 1993, na picha za miaka ya kabla ya hapo zipo. Mzee anaposema, "Zamani kinamasi kilifika hapa," tunaweza kufungua picha ya zamani na kutazama pamoja naye.

Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, huona kwa undani zaidi. Nukta moja ya picha, yaani pikseli, ni mita 10 kwa 10, wakati ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Kwa lugha ya shamba, eka moja ina pikseli kama 40 za Sentinel-2, na nne na nusu tu za Landsat. Mwenye robo eka anapata pikseli kumi hivi za Sentinel-2, na nyingi kati ya hizo zimechanganyika na jaruba la jirani. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba setilaiti ya bure imepima jaruba lako dogo peke yake, una haki ya kutilia shaka.

Masika picha zote ni mawingu. Tufanyeje?

Tumia rada. Sentinel-1, iliyoanza kazi 2014, haingoji jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapenya wingu, na hufanya kazi usiku kama mchana. Maji yaliyotulia ni kama kioo, hurusha mawimbi upande wa pili, hayarudi, na picha huwa nyeusi. Kwa mafuriko hakuna chombo kinachoishinda.

Ina vituko vyake lakini. Upepo ukiyavuruga maji, bwawa hupoteza weusi wake. Na mpunga uliosimama ndani ya maji, au matete ya kinamasi, hung'aa sana, kwa sababu wimbi hugonga maji, likagonga shina, likarudi lilikotoka. Anayetafuta weusi peke yake ataukosa mpunga wote wa wilaya ya Mbarali, huku Usangu, na nusu ya kinamasi.

Je, setilaiti inaweza kupima maji yanayopita mtoni kwa sekunde?

Kwa mito yetu ya kiangazi, hapana. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na Marekani na Ufaransa wakishirikiana na Kanada na Uingereza, ilibuniwa kupima urefu wa uso wa maji katika mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Rufiji chini huko inaingia. Mto Kimani mwezi wa Oktoba, unaovukwa bila kukunja suruali hadi magotini, hauingii.

Kwa hiyo fimbo ya kupimia maji iliyosimikwa mtoni, na mtu anayekwenda kuisoma asubuhi na jioni, bado ni nguzo ya kazi yote hii. Nalisema kwa uchungu, maana nimeona miradi inayonunua kompyuta nzuri huku msoma kipimo akikaa miezi bila posho. Bila namba zake hatuwezi kujua kama kile tunachokikadiria kutoka angani ni kweli. Tunajua kwamba mto ulianza kukauka 1993 kwa sababu kituo cha Msembe, ndani ya hifadhi, kilikuwa na watu waliouangalia mto na kuandika.

Picha zimetufundisha nini kuhusu Ihefu?

Ihefu ni kinamasi cha upande wa mashariki wa Usangu. Maji ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe hukusanyika humo, na mlango wa kutokea ni mmoja, Ng'iriama, ambako mwamba umelala kama kizingiti. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto wote wa chini hukatika, hata kama ndani ya kinamasi viboko bado wanaogelea. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama Ihefu akaona maji mengi, na mwenzake aliye hifadhini siku hiyohiyo akaona mchanga mtupu. Wote wawili wanasema kweli.

Hapa picha za angani zilitoa msaada ambao hakuna mtu angeupata kwa miguu. Kinamasi hakipimiki kwa kamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akiwamo Japhet Kashaigili, walilinganisha picha za Landsat za miongo tofauti kuona ardhioevu ilivyobadilika, na kazi hiyo ikachapishwa 2006. Wakiunganisha eneo la kinamasi na mtiririko wa mto, walikadiria kwamba ili upite hifadhini mtiririko mdogo tu wa kiangazi, usiofika hata mita moja ya ujazo kwa sekunde, kinamasi kinahitaji kuingiziwa karibu mita za ujazo 7 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ihefu kiangazi hupanda hewani, kupitia uso wa maji na majani, kabla ya kukifikia kizingiti.

Namba hiyo inafaa kukaa kichwani mwa kila anayeahidi kwamba mto "utarudi" kwa kuondoa kundi fulani la watu. Kuongeza lita moja juu hakuleti lita moja chini.

Basi picha zinasema nani anamaliza maji?

Zinaonyesha maji yanapotelea wapi. Kusema ni ya nani ni kazi ya watu.

Setilaiti yenye kipima joto huona kwamba shamba lenye maji ni baridi kuliko ardhi kavu iliyo jirani, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, kama jasho linavyokupoza. Kutokana na joto hilo, pamoja na ukijani wa mimea na hali ya hewa ya siku hiyo, hukadiriwa ni milimita ngapi za maji zimepanda hewani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa makadirio hayo kwa Afrika nzima kila baada ya siku kumi kupitia mfumo wake wa WaPOR, na hayalipiwi.

Milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Chukua hekta 1,000 zilizo kijani mwezi wa Septemba, zikitoa milimita 5 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 50,000 kwa siku, sawa na lita 580 hivi kila sekunde. Sasa kumbuka mtiririko ule mdogo unaotakiwa hifadhini. Hekta elfu moja za kijani cha kiangazi zinakaribia kuumeza wote. Kwangu mimi hesabu hii ina uzito kuliko hotuba kumi kuhusu uharibifu wa mazingira, kwa sababu mkulima anaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu.

Hata hivyo, ichunge. Mpunga wa masika unatumia maji mengi kuliko kijani hicho cha kiangazi, lakini masika mto umejaa na hakuna anayekosa. Tatizo ni kijani cha Agosti hadi Novemba, na picha hutenganisha miezi hiyo vizuri. Anayekuonyesha ramani ya mwaka mzima na kusema, "Tazameni mpunga unavyokula maji," anachanganya mambo mawili.

Tukijenga mabanio ya zege na mifereji isiyovuja, si tutaokoa maji?

Swali hili huulizwa na wafadhili kuliko wakulima. Jibu langu ni: pengine kwako, si lazima kwa mto.

Banio la zamani la magogo, mawe na nyasi lilikuwa linavuja. Kiangazi, yaliyovuja yaliendelea na safari. Banio la zege lenye lango la chuma linaweza kuukinga mto mzima maji yakiwa machache. Na maji yanayopotea kwenye mfereji mbovu hayaendi mbinguni yote. Mengine huzama na kuibukia chini, na kule kuna mtu anayaita maji yake. Ukiziba uvujaji, kisha kwa maji "yaliyookolewa" ukafungua hekta nyingine, kinachopanda hewani kimeongezeka, na mto umepungukiwa zaidi ya mwanzo.

Kuyatoa maji mtoni si sawa na kuyamaliza. Kipimo cha mfereji huona kilichotolewa. Picha za mvuke huona kilichokwisha kabisa. Ukiwa na vyote viwili kabla ya mradi na baada ya mradi, unaweza kujua kama kuna kilichookolewa. Ningependa hilo liwe sharti la kila mradi wa umwagiliaji katika bonde hili, na vipimo vya kabla vichukuliwe mapema, zege isijamwagwa.

Mtera je? Bwawa kubwa hivyo linapimwaje?

Mtera, bwawa la umeme lililo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu, ni pana na si la kina kirefu, likijaa huzidi kilomita za mraba 600. Kwa umbo hilo, kina kikishuka kidogo ukingo husogea mbali sana, na ukingo unaosogea ni kitu rahisi kukiona angani. Ukijua eneo la maji, na ukiwa na jedwali linalolinganisha eneo, kina na ujazo, unapata makadirio ya akiba iliyobaki kwa mitambo ya Mtera, megawati 80, na ya Kidatu, megawati 204.

Udhaifu uko kwenye jedwali. Mito huleta tope kila masika na tope hukaa sakafuni, ambako setilaiti haioni. Jedwali la zamani linakuhesabia maji mahali ambapo sasa pana udongo. Dawa yake ni kupima sakafu upya kwa boti.

Wanajuaje kimo cha maji ya Ziwa Victoria bila kufika ufukweni?

Setilaiti hutuma pigo la rada chini, hupima muda wa kwenda na kurudi, na kwa kuwa inajua iko juu kiasi gani, inapata urefu wa uso wa maji. TOPEX/Poseidon ilianza kazi hiyo 1992, zikafuata Jason-1, Jason-2, Jason-3 na sasa Sentinel-6. Katika ziwa kubwa hivyo kosa ni la sentimita chache.

Thamani yake ni kwamba ziwa ni la nchi tatu na namba ni za wote. Liliposhuka 2005 na 2006, ubishi ulikuwa mkali kuhusu ukame kwa upande mmoja na maji yanayofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, kwa upande mwingine, na yeyote aliweza kuufuata mshuko huo kwa takwimu zilizo wazi. Mei 2020 likapanda mpaka kuipita rekodi ya 1964, na waliojenga ufukweni waliona maji sebuleni. Kipimo cha Jinja na cha angani vilisimulia habari moja.

Kisima changu kimekauka. Setilaiti inaweza kunionyesha maji ya ardhini?

Kisima kimoja, hapana.

Zilikuwapo setilaiti mbili za GRACE, kati ya 2002 na 2017, na tangu 2018 zipo warithi wake, GRACE-FO. Hufuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, zikipima mabadiliko madogo mno ya umbali kati yao. Mahali penye uzito zaidi ardhini huivuta ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Maji yana uzito, kwa hiyo bonde likilowa au likikauka, zinahisi. Lakini huhisi eneo la mamia ya kilomita kila upande. Dakio zima la Usangu, yaani ardhi yote inayoleta maji yake huko, kilomita za mraba 20,800 hivi, ni dogo mno kwao.

Picha za kawaida husaidia kwa njia nyingine, kuonyesha mistari ya nyufa za miamba na vichaka vinavyobaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Hapo ndipo fundi wa kupima ardhi apeleke vifaa vyake kwanza. Anayekuuzia "picha ya setilaiti ya mkondo wa maji chini ya nyumba yako" anakuibia.

Mvua ya milimani inajulikanaje mahali ambapo hakuna kituo?

Kwa data kama CHIRPS, inayokadiria mvua tangu 1981 kwa vipande vya kilomita 5 hivi, ikiunganisha baridi ya vilele vya mawingu na vituo vya ardhini. Inafaa kwa kulinganisha misimu. Kwa mvua ya siku moja juu ya Kipengere au Poroto usiitegemee, milima hudanganya. Na pale vituo vinapofungwa, nayo hudhoofika.

Inaweza kuona maji machafu?

Inaona rangi. Kwa hiyo inaona tope, mwani na magugu maji. Ghuba ya Winam, Kisumu, imefuatiliwa hivyo tangu miaka ya 1990. Haioni vijidudu, wala floridi inayoharibu meno na mifupa ya watu wa Bonde la Ufa. Hayo yapelekwe maabara.

Wataniona nikifungua maji usiku? Picha inaweza kuninyima kibali?

Haikuoni wewe wala lango lako. Inaona shamba limebaki kijani wiki tatu baada ya zamu yako kwisha.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, anayechepusha maji anahitaji kibali kutoka bodi ya maji ya bonde, kwetu ni ya Rufiji. Kibali kinataja kiasi. Picha inaweza kuonyesha kwamba eneo linalomwagiliwa halilingani na kibali, na hilo linaweza kuanzisha ukaguzi. Mimi nasimama hapa: picha ianzishe ukaguzi, isiwe hukumu. Tumeona pikseli zinavyochanganyika, na moto unavyojifanya maji. Mtu aonyeshwe picha inayomhusu, aelezwe tarehe, apewe nafasi ya kusema, "Hapo si kwangu."

Na zionyeshwe zote. Haiwezekani picha za eka moja za wanakijiji zibandikwe ukutani huku za mashamba ya maelfu ya hekta zikibaki kwenye kompyuta ya ofisi. Setilaiti hupita juu ya wote kwa siku ileile. Nimekaa kwenye mikutano ambapo picha moja ya Oktoba, iliyochapwa kwenye karatasi kubwa na kutandazwa chini ya mwembe, ilibadili mazungumzo. Wa juu aliona kwa mara ya kwanza mto wa chini ulivyo mweupe, na wa chini aliona kwamba kijani hakiko kwa jirani aliyekuwa akimlaumu.

Nataka kuanza mwenyewe. Nianzie wapi?

Fungua Copernicus Browser au ramani za Digital Earth Africa kwa simu au kompyuta, tafuta mahali unapopajua vizuri, na linganisha Machi na Oktoba za mwaka mmoja. Ukitaka kupima, programu ya QGIS ni bure. Ukitaka miaka mingi kwa mkupuo, jifunze Google Earth Engine, ambayo hailipiwi kwa utafiti na masomo. Kituo cha RCMRD cha Nairobi, kilichoanzishwa 1975, hufundisha wataalamu wa nchi zetu.

Halafu toka nje na picha hiyo. Washa GPS ya simu, tembea kwenye pembe za majaruba, andika kwa kila alama kilichopo: mpunga wa maji, mahindi, matete, majivu, maji matupu. Alama mia moja za namna hiyo, zenye tarehe, zitaifanya ramani yako iaminike kuliko programu yoyote utakayoipakua. Nenda kiangazi, wiki ileile setilaiti inapopita, na umchukue mgawa maji wa mfereji, kwa kuwa yeye anajua ni jaruba lipi lilinyweshwa jana.